Kubuni sampu kubwa na chumba cha machujio kwa tangi la matumbawe jijini Nairobi

Tangi la matumbawe lililo sebuleni huonekana tulivu kwa sababu kazi yake yote chafu imehamishiwa mahali pengine. Mahali hapo ni sampu, yaani tangi la pili lililo chini au nyuma ya ukuta, ambamo maji hushuka kwa uzito wake yenyewe, huchujwa, hupashwa joto, kisha hurudishwa juu kwa pampu. Tangi kuu likizidi lita elfu moja, kabati lililo chini yake halitoshi tena na mwenye tangi hulazimika kutenga chumba kizima. Mwongozo huu unahusu chumba hicho, na unaanzia kwenye saa ambayo wachoraji wengi huifikiria mwisho, yaani saa ambayo umeme umepotea. Pampu ikisimama, maji yaliyokuwa njiani hushuka yote kwa pamoja, joto huanza kuondoka, na oksijeni iliyomo majini huanza kupungua. Vipimo karibu vyote vya chumba hutokana na saa hiyo.

Ili hesabu zisielee hewani, tuchukue tangi kuu lenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 0.9 na kina cha mita 0.75, ambalo ni takribani lita 1,600, pamoja na sampu yenye urefu wa mita 1.8, upana wa mita 0.7 na kina cha nusu mita. Msomaji mwenye tangi la kipimo kingine abadilishe tarakimu na kuifuata njia ile ile.

Hatua ya kwanza: chumba na sakafu yake

Chumba kinachofaa zaidi ni kile kinachopakana na ukuta wa sebule ambako tangi litakaa, kikiwa ghorofa ya chini na chenye njia ya maji taka iliyo karibu. Katika nyumba nyingi za Nairobi, stoo ya jikoni, kona ya gereji au chumba cha mfanyakazi (DSQ) kilichoshikana na nyumba kubwa hutosha. Mita 3 kwa 2.5 humwezesha mtu kuinama, kutoa pampu na kupita na ndoo bila kuparuza ukuta, na ukibana kuliko hapo utajuta kila wiki ya usafi.

Uzito ndio unaoamua kama mradi utakuwepo au hautakuwepo. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani kilo 1.025, kwa hiyo tangi kuu la mfano wetu, hata kabla ya kuhesabu kioo na mawe, hukandamiza sakafu kwa zaidi ya kilo 760 kwa kila mita ya mraba. Nyuma ya ukuta, sampu yenye lita 400, pipa la kukorogea maji ya chumvi la lita 300 na tangi la maji safi la lita 500 huongeza tani moja na kitu. Slabu za nyumba za kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na anayeishi ghorofani asinunue hata kipande cha bomba kabla mhandisi wa majengo hajasoma michoro ya jengo lake.

Sakafu iwekwe vigae na ipewe mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea shimo la maji. Mlangoni jenga kizingiti cha sentimita 10. Katika chumba cha kipimo tulichotaja, kizingiti hicho peke yake kinaweza kuzuia mamia ya lita yasiingie ukumbini hata shimo likiziba. Stendi iwe ya matofali ya simiti au mbao nene zilizopakwa rangi vizuri, kwa kuwa chuma hushindwa na chumvi mapema kuliko fundi wa kuchomelea atakavyokuahidi. Maji ya chumvi yanayotolewa yaende kwenye bomba la maji taka, yasimwagwe bustanini, kwani chumvi hubaki udongoni na kuua mimea.

Hatua ya pili: hesabu ya maji yatakayoshuka

Sampu yangu ya kwanza niliichora kwa jicho. Ilifanya kazi miezi miwili bila kosa, mpaka stima ikapotea usiku wa manane, na kulipokucha maji yalikuwa yameingia chini ya mbao za sakafu ya sebule. Kosa halikuwa la fundi wala la pampu. Sikuwa nimehesabu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tangi kuu likifanya kazi, maji husimama juu kidogo ya ukingo wa kisanduku cha kufurikia, yaani kile ambacho maji ya juu humwagikia ili yashuke kwenye sampu, tuseme sentimita 3, na pampu ikizimwa kimo hicho chote hushuka. Eneo la uso wa tangi ni mita 2.4 mara 0.9, yaani mita za mraba 2.16, kwa hiyo kila sentimita ni takribani lita 22 na sentimita 3 ni lita 65. Ongeza maji yaliyomo ndani ya mabomba na kisanduku, ambayo hapa tutayakadiria kuwa lita 40. Jumla ni lita 105. Uso wa sampu ni mita za mraba 1.26, hivyo maji hayo yatapandisha kimo chake kwa sentimita 8.3. Sampu ikiendeshwa kwa kimo cha sentimita 30, maji yatafika 38.3 na nafasi ya sentimita 11 na zaidi itabaki juu. Usiione nafasi hiyo kuwa ya bure, kwa sababu itahitajika tutakapofika kwenye maji ya kujazia yale yanayopotea kwa mvuke.

Hatua ya tatu: kuigawa sampu

Kioo cha milimita 10 chenye mbavu za juu kinatosha kwa sampu ya kina hiki, na kuta za ndani zaweza kuwa nyembamba zaidi. Silikoni iwe ile ya matangi ya samaki. Silikoni ya bafuni huwa na dawa ya kuzuia kuvu, na dawa hiyo haina nafasi karibu na matumbawe.

Maji yaingie kwanza kwenye chemba ya soksi za kuchuja, zile za mikroni 200, ambazo zibadilishwe kila baada ya siku tatu au nne kwa sababu uchafu unaonaswa humo huendelea kuoza humo humo. Chemba ya pili ni ya mtambo wa kutoa povu, ambao husukuma viputo vidogo vya hewa ndani ya maji ili uchafu wa protini ung'ang'anie viputo na kupanda navyo hadi kwenye kikombe. Mtambo huu hautaki kimo cha maji kinachobadilika, na hivyo ukuta wa chemba yake ndio unaopaswa kuweka kimo. Kamwe usiuweke kwenye chemba ya pampu. Soma kina ambacho mtengenezaji amependekeza kabla ya kukata kioo, si baadaye.

Chemba ya tatu, ambayo ningeipa nafasi kubwa kuliko zote, ni ya mwani. Mwani wa aina ya Chaetomorpha hukua kama fundo la nyuzi na kula naitreti na fosfeti. Ukivuna konzi mbili unakuwa umetoa taka hizo nje ya mfumo kabisa. Taa yake iwashwe usiku, wakati taa za tangi kuu zimezimwa, ili mwani uendelee kutumia hewa ya kaboni katika saa ambazo pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, huwa inashuka.

Chemba ya mwisho ni ya pampu ya kurudisha maji, na hii iwe ndogo kwa makusudi. Fikiri kwamba kisanduku cha kufurikia kimeziba kwa konokono aliyetangatanga: pampu itaendelea kusukuma maji juu mpaka chemba yake ikauke. Chemba ya sentimita 70 kwa 40, ikiwa na sentimita 18 za maji juu ya mdomo wa pampu, ina lita 50 za kusukumwa, nazo zitapandisha maji ya tangi kuu kwa sentimita 2.3 tu. Ukiacha sentimita 4 kati ya maji na ukingo wa kioo, sebule itabaki kavu. Kuna gharama yake: maji yote yanayopotea kwa mvuke huonekana kwenye chemba hii peke yake, na mfumo wa ukubwa huu ukipoteza lita 20 kwa siku, chemba hushuka sentimita 7 kila siku. Bila mfumo wa kujazia, pampu itavuta hewa kabla ya siku ya tatu kwisha.

Hatua ya nne: mabomba na pampu

Tumia mabomba matatu ya kushusha maji, kila moja la inchi 2. La kwanza hujaa maji kabisa na kuvuta kama mrija, likidhibitiwa kwa valvu ya geti ambayo hufungwa kidogo kidogo mpaka kelele ziishe. La pili huchukua maji machache yaliyobaki, yakitiririka ukutani mwa bomba bila sauti. La tatu, ambalo mdomo wake uko juu kuliko mengine, hukaa kavu siku zote na husubiri mojawapo lizibe. Ukilisikia bomba la tatu likiimba, jua kuna kazi ya kufanya. Mfumo wa bomba moja ni rahisi kwa bei lakini una kelele, na hauna msaidizi likiziba.

Bomba la kurudisha maji litobolewe tundu dogo chini kidogo ya uso wa maji wa tangi kuu, ili umeme ukipotea hewa iingie na kukata mvuto wa kurudi nyuma. Kuna wanaotegemea valvu ya kuzuia maji kurudi, lakini valvu hiyo huingiwa na mchanga na makombe madogo, na siku ya kuhitajika haifungi. Safisha tundu hilo kila unapofuta kioo.

Jambo la kumweleza fundi wa bomba mapema, tena kwa maandishi, ni kwamba maji ya chumvi yasiguse shaba, shaba nyeupe wala mabomba ya mabati. Shaba huua viumbe wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kidogo sana majini. Mafundi wetu wamezoea valvu za shaba na viungo vya plastiki ya PPR vyenye nyuzi za chuma ndani, na watavitumia kwa nia njema kabisa usipowazuia. PVC ya shinikizo ndiyo itumike mwanzo hadi mwisho, na kila kifaa kiwekewe yunioni, yaani kiungo kinachofunguliwa kwa mkono, pande zote mbili ili kiweze kutolewa bila msumeno.

Kwa pampu, lenga kuyazungusha maji ya tangi kuu mara nne kwa saa, yaani lita 6,500 hivi zinazofika juu kweli. Tarakimu iliyo kwenye boksi hupimwa bila kimo chochote, kwa hiyo angalia mchoro wa pampu kwenye kimo chako, ukijumlisha kila elbo. Hakikisha imeandikwa voliti 220 hadi 240 na hezi 50. Mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa hezi 60, kama zile zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani, huzunguka polepole zaidi hapa hata ukiitafutia transfoma. Mimi hupendelea pampu mbili ndogo badala ya moja kubwa, kila moja na bomba lake, kwani moja ikifa Jumapili jioni nyingine huendelea.

Hatua ya tano: maji safi na maji ya chumvi

Maji mengi ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini na hutiwa klorini kabla ya kufika bombani, ilhali visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi. Yote mawili yanahitaji kupitishwa kwenye mtambo wa RO, yaani unaochuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando, wenye kaboni mbele na resini ya kuondoa ayoni nyuma, mpaka kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kisome sifuri. Tatizo la nyumba zetu ni shinikizo. Mita 10 za kimo hutoa takribani baa moja, hivyo tangi la paani lililo mita 5 juu ya mtambo hutoa nusu baa, ilhali utando huhitaji baa 3.5 hadi 4. Nunua pampu ndogo ya kuongeza shinikizo pamoja na mtambo wenyewe.

Kwa wiki utahitaji lita 140 za kujazia mvuke na lita 200 za kubadilisha maji, yaani 340. Mtambo wa kawaida hutupa lita tatu au zaidi kwa kila moja inayopatikana, kwa hiyo zaidi ya lita elfu moja zitaelekea kwenye mfereji. Katika jiji lenye mgao wa maji hilo ni jambo la aibu. Elekeza bomba la maji hayo kwenye tangi la akiba, kwani yanafaa kwa kufulia, kuosha gari na choo.

Pipa la chumvi liwe na pampu yake ya kukoroga na hita. Lita 200 hutaka takribani kilo 7 za chumvi ya matangi ili kufikia gramu 35 kwa kilo, na yakorogwe hadi yawe angavu na yenye joto sawa na la tangi. Kuna wanaoleta maji ya bahari kutoka Mombasa, mwendo wa karibu kilomita 480, kwa madumu ya lita 20. Siwalaumu, lakini mgongo wangu haujakubali.

Tangi la kujazia lisizidi lita 60, nalo lisiunganishwe moja kwa moja na lile la lita 500. Swichi ya boya ikikwama na lita zote 60 zikamwagika, chumvi katika mfumo wa lita 2,000 itashuka kutoka 35 hadi 34, jambo ambalo matumbawe huvumilia. Kimo cha sampu kitapanda sentimita 4.8, na hata umeme ukipotea dakika hiyo hiyo, sampu tuliyoihesabu bado haifuriki. Weka maboya mawili, la pili likiwa juu ya la kwanza ili kukata umeme la kwanza likishindwa.

Hatua ya sita: joto, mvuke na hewa

Miongozo mingi iliyoandikiwa nchi za joto au nyumba zenye mitambo mikubwa ya kupasha joto hutumia kurasa nyingi kueleza vipoza maji. Nairobi shida yetu ni kinyume chake. Usiku wa Julai nje hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na matumbawe yanataka 25 au 26. Kuupandisha mfumo wa lita 2,000 kwa nyuzi moja huchukua takribani uniti 2.3 za umeme, bila kuhesabu kinachopotea wakati huo huo.

Joto hilo hutoroka zaidi kwa njia ya mvuke. Kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto la karibu theluthi mbili za uniti, hivyo lita 20 kwa siku ni uniti 13, sawa na hita ya wati 550 isiyozimwa kamwe. Kwa sababu hiyo, funika sampu kwa karatasi za polikaboneti zinazoondoleka, ukiacha wazi sehemu ya mtambo wa povu, na uzungushie pande zake vipande vya foma ngumu vya unene wa sentimita 3 hadi 5. Weka hita tatu za wati 500 badala ya moja kubwa, zikidhibitiwa na kipimajoto cha nje. Hita moja ikikwama ikiwa imewaka haitapika tangi, na ikikwama ikiwa imezimwa mbili zilizobaki zitashikilia.

Mvuke unaobaki chumbani huozesha dari. Feni ya kutolea hewa iwekwe juu ukutani na iendeshwe na kifaa cha kupima unyevu, iwake ukizidi asilimia 65, huku hewa ikiingia kupitia matundu yaliyo chini ya mlango. Ikiendeshwa usiku kucha bila kipimo, itafukuza joto ulilolinunua.

Sasa oksijeni. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni takribani asilimia 82 ya lile la Mombasa. Maji ya chumvi yenye nyuzi 26 ambayo pwani yangeshika miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita, hapa hushika karibu 5.4. Samaki huishi vizuri kwa kiasi hicho, ila akiba yao ni ndogo, na umeme ukipotea usiku huisha mapema kuliko miongozo ya pwani inavyosema. Mtambo wa povu usiwe ule ambao mtengenezaji anadai unatosha shingo upande. Chagua mkubwa zaidi. Mrija wake wa hewa uutoe nje ya ukuta, maana hewa ya kaboni inayorundikana katika nyumba iliyofungwa hushusha pH. Mdomo wa mrija uwe mbali na genereta na mbali na vyumba vinavyopulizwa dawa ya mbu. Dawa nyingi za namna hiyo zina viini vya pareto au vinavyofanana navyo, na kile kinachomwangusha mende huwaangusha uduvi na kaa kwa urahisi ule ule.

Hatua ya saba: umeme

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Bodi ya umeme, inveta na betri vikae nje ya chumba, kwani hewa yenye chumvi hula viungo vya shaba kimyakimya. Gawanya vifaa katika saketi mbili, kila moja ikiwa na kikatio chake cha umeme unaovuja, cha miliampia 30. Pampu moja, hita moja na mtambo wa povu viwe upande mmoja, na vilivyobaki upande wa pili, ili hita moja iliyopasuka isizime kila kitu. Soketi ziwe mita 1.5 juu ya sakafu, zisiwe juu ya sampu, na kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda ili matone yadondoke sakafuni.

Akiba ya umeme ipangwe kwa daraja. Pampu ya kutembeza maji ndani ya tangi kuu, ya wati 40 hivi, ndiyo ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayovunja uso wa maji na kuingiza oksijeni. Betri ya asidi ya voliti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, huiendesha kwa saa kumi na mbili. Hita usizipe betri. Zisubiri genereta, na foma uliyoizungusha itakupa muda wa kuiwasha.

Hatua ya nane: majaribio kabla ya chumvi

Jaza mfumo wote maji ya bomba na uuendeshe siku nzima. Kisha zima swichi kuu bila kumwonya mtu nyumbani, na upime sampu imepanda sentimita ngapi. Ikizidi hesabu yako, shusha kimo cha kufanyia kazi. Washa tena, na uone kama bomba la kwanza linarudia mvuto wake lenyewe ndani ya dakika chache bila mkono wa mtu. Ziba bomba hilo kwa kitambaa na utazame la tatu likipokea maji. Ziba yote matatu, usimame sebuleni ukiwa na taulo, na uangalie maji yakikoma chini ya ukingo. Mwisho, lishikilie boya la kwanza chini kwa mkono uone kama la pili linakata.

Rudia jaribio la kuzima mara tatu, moja likiwa usiku. Kimo cha juu kabisa ambacho sampu inaweza kuanzia bila kufurika kiandike kwenye kioo kwa kalamu isiyofutika, pamoja na tarehe, na umwonyeshe kila mtu nyumbani anayeweza kuombwa kuongeza maji ukiwa safarini. Kisha fungua valvu ya chini, uyatoe maji yote ya bomba, uyafute mavumbi ya plastiki yaliyobaki pembeni, na uanze kujaza maji ya RO.